Dumu la Maji la Ambokile

Tarehe tisa Februari, siku ya Jumatatu, Ambokile alianguka katikati ya migomba yake kule Masukulu na hakuinuka tena. Walisema ni presha. Nilipoteza rafiki, nikapoteza mkwe, na nikapoteza mtu pekee katika Rungwe nzima aliyeweza kusikiliza kabureta mbili akakwambia ipi inadanganya. Mwezi mmoja na nusu baadaye nikaacha kazi. Vijana wa gereji mliniuliza sababu, nikawajibu ni macho. Macho yangu ni mazima. Nilidanganya, na ndiyo maana naanza na hilo.

Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maua. Cheo sikupata cha kutaja, na mshahara wa pale mnaujua, maana ndio huohuo mpaka leo. Nitaandika niliyoyaona, pamoja na kosa moja nililolifanya mwenyewe.

Nilianza kwa Fundi Saidi, hapa hapa Tukuyu mjini, nikiwa na suruali moja na ujuzi wa kufungua baiskeli. Fundi Saidi alikuwa mtu mfupi, mwenye kanzu nyeupe siku ya Ijumaa na ovaroli nyeusi siku nyingine zote. Siku ya kwanza alinipa beseni la petroli na bolti za injini ya lori nizioshe. Niliziosha zikang'aa. Tatizo ni kwamba yeye alikuwa amezipanga kwenye gunia kwa mafungu, mimi nikazirudisha zote kwenye beseni moja kama mboga. Alilitazama lile beseni muda mrefu.

"Umeozesha ndugu kwa ndugu humu," akasema. "Haya, watenganishe."

Kazi hiyo ilinichukua siku mbili, na ingechukua wiki kama si Ambokile. Alikuwa amenitangulia kazini kwa mwaka mmoja. Kila nilipoinua bolti alipita nyuma yangu akakohoa, mara moja kama ni ya hedi juu ya injini, mara mbili kama ni ya sampu chini yake. Fundi Saidi alimwambia akapime kifua.

Fundi Saidi alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja mpaka alipokufa. Hakuna mtu kufunga injini kabla mwenzake hajaitazama. Aliiita jicho la pili. Hata yeye mwenyewe, bingwa wa wilaya, alituita sisi watoto tuje tutazame, tukatazama, tukasema sawa, ndipo akafunga. Siku moja sote tulikuwa nje kuvuta lori lililokwama, akamwita mama muuza maandazi. Mama akainama, akasema yeye anaona chuma tu. Fundi Saidi akasema inatosha, sasa tuko wawili wa kulaumiwa.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, lakini moja inaeleza Ambokile alikuwa mtu wa namna gani. Mchungaji mmoja alileta pikapu yake, akasema kuna springi imevunjika, kila akikata kona inagonga. Tulitafuta siku nzima. Mwishowe Ambokile akafungua bati la ndani la mlango wa dereva, akakuta chupa tupu ya bia ikibingirika humo. Tuliokuwepo tulianza kucheka. Yeye akaifunga chupa kwenye gazeti, akampelekea mchungaji kwa mikono miwili, akamwambia, "Springi yako hii hapa, mchungaji. Nyingine ni nzima." Aibu ya mtu aliifunga kwenye gazeti. Mimi ningemwita na waumini waje waone.

Sasa nifike kwa Chura. Tulimpata Kawetele, kwenye banda la mjane ambaye mume wake alikuwa mlinzi wa meneja mmoja wa shamba la chai. Meneja alipoondoka nchini aliacha gari dogo la Kiingereza la viti viwili, pua ndefu, macho ya mviringo, paa la turubai lililokwishaoza. Sijui aliwaza nini mtu aliyeleta gari lisilo na paa katika wilaya ambayo mvua husimama kupumzika tu. Panya walikuwa wamekula karatasi zake na kuku walikuwa wakitagia kwenye viti. Mjane alitaka tumtengenezee mashine yake ya kusaga, tumwongezee na ndama mmoja. Tulifanya hivyo. Jogoo alikataa kushuka kwenye kiti cha dereva mpaka tulipolivuta gari kufika barabarani.

Watu walituuliza la nini. Maisha yetu yote tulikuwa tunatengeneza vitu vya kubeba: chai, ndizi, mbolea, na maiti. Hili lisingeweza kubeba chochote. Ambokile alisema ndiyo maana analitaka.

Tulimtengeneza kwa miaka sita, Jumamosi mchana baada ya kazi. Sakafu ilikuwa kutu tupu, ukikanyaga unaona barabara, tukaichomelea upya kwa bati la mapipa. Viti vilitoka kwenye basi lililopinduka. Turubai tulilikata kwenye turubai kuukuu la lori la chai, ndiyo maana likilowa linanuka kama birika. Rangi ilikuwa ya kijani, iliyobaki kwenye geti la jirani, na hapo ndipo alipopata jina. Raba za breki tulitoa kwenye gari lingine kabisa, tukazipunguza kwa wembe, na mpaka leo ukikanyaga breki Chura huvuta kushoto. Msiige.

Mke wangu, Mama Ipyana, alikuja siku moja kutuletea chakula, akamzunguka mara moja. "Miaka yote hii," akasema, "mnatengeneza beseni lenye taa."

Aliyetusaidia kweli alikuwa Atupele, mtoto pekee wa Ambokile. Gari hilo lina kabureta mbili za kuchanganya hewa na petroli, na zote lazima zivute hewa sawasawa. Zikipishana, injini inatetema kama mtu mwenye malaria. Ambokile alikuwa anaweka kipande cha mpira sikioni, ncha nyingine mdomoni mwa kabureta, anasikiliza kama daktari. Sikio langu la kulia liliondoka na nyundo zamani. Atupele alirithi la baba yake. Akiwa na miaka kumi alikuwa anasikiliza, anageuka, ananiambia, "Baba Ipyana, ya mbele inavuta zaidi," na anakuwa amesema kweli.

Jumamosi moja Ambokile alikwenda Lupepo kwenye msiba wa shangazi yake. Injini ilikuwa wazi, imebaki kulaza gasketi ya hedi, lile bamba jembamba lenye matundu ya maji, na kufunga. Nilitaka arudi akute inaunguruma. Nilifunga peke yangu. Jicho la pili halikuwepo, na muuza maandazi sikumwita. Ambokile aliporudi akakuta inaunguruma kweli. Tulizunguka mji mara tatu, turubai wazi, tukanyeshewa kama mbuzi, tukarudi tumefurahi.

Safari ya Masukulu ndiyo iliyotuumbua. Kwenda Masukulu ni kuteremka, hata tairi peke yake litafika. Kurudi ndiyo kazi. Katikati ya mlima Chura akachemsha, mvuke ukatoka puani, tukakaa pembeni watu wakitupita kwa miguu na kutupa pole. Safari ya pili, hivyo hivyo. Nililaumu petroli, nikalaumu rejeta, nikalaumu feni, nikalaumu mwinuko wa mlima, kana kwamba mlima ulikuwa umepanda juzi. Halafu nikamlaumu Ambokile, nikamwambia anaendesha kama anayekimbiza nguruwe. Alikubali yote.

Safari ya tatu alikuja na dumu la manjano la lita kumi, limejaa maji. Nilimuuliza la nini. Akasema la kunawa miguu, hawezi kufika kwa watu na matope. Chura alipochemsha pale pale pa siku zote, Ambokile akalitazama dumu kama vile ndiyo kwanza analiona, akasema, "Kwa kuwa lipo, tumpe kidogo." Tangu siku hiyo hakusafiri na Chura bila dumu hilo. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na moja.

Katika miaka hiyo mwanangu Ipyana alimwoa Atupele. Tulifurahi, tukaanza kuitana mkwe, lakini Ambokile aliniambia nimemwibia fundi. Ilikuwa kweli. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hakutani naye njiani, halitaji jina lake. Wengi siku hizi wameacha, hasa wa mjini. Atupele alilelewa na bibi yake Lupepo, hakuacha. Anavaa ovaroli, anashusha injini ya lori, ana simu kubwa kuliko Biblia yangu, lakini akisikia kikohozi changu anaingia nyuma ya mgomba. Mtoto aliyekuwa akinipanda mgongoni akawa mgomba unaotikisika. Gereji hakukanyaga tena, kwa sababu mimi nilikuwepo. Akawa anatengeneza pikipiki nyumbani kwake Kawetele.

Baada ya mazishi ya Ambokile, wazee walikaa kuzungumzia alichoacha. Nusu ya Chura ilikuwa yake. Kaka yake mkubwa, Mzee Asegelile, alisema kuna mwenye nyumba ya wageni mjini anayemtaka Chura amweke mbele ya lango, amjaze udongo, apande maua. Nilisema Ambokile asingependa.

"Ambokile alikuwa anasukuma hilo gari mbele ya macho yangu," Mzee Asegelile akasema. "Gari lisilopanda mlima ni banda la kuku, na hilo lilitoka bandani. Siku ya kumaliza matanga lije hapa, kisha lirudi Tukuyu bila kumwagiwa maji njiani. Likiweza, libaki kwako na kwa mtoto wake. Likishindwa, likapandwe maua."

Nilikubali. Atupele alikuwa upande wa akina mama. Alimtuma shangazi yake aseme naye amekubali.

Chura mwenyewe alikuwa hata hawaki. Alisimama tangu msiba, na nilipomwasha alitetema, akakohoa, akazima. Niliwaomba ninyi. Mnakumbuka mmoja wenu alivyoinama, akatafuta pa kuchomeka kompyuta, akaniuliza kabureta ni nini. Simtaji jina. Aliyebaki mwenye sikio alikuwa mmoja tu, na yeye hawezi kunitazama.

Mama Ipyana alitatua. Alisema Chura aletwe uani kwetu, Atupele asimame mbele ya pua, mimi nikae kwenye usukani. Boneti la Chura hufungukia mbele. Ukiliinua linakuwa ukuta kati ya dereva na anayeshika injini. Hakuna anayemwona mwenzake. Yeye mwenyewe akakaa kando akimenya ndizi, apeleke maneno.

Nikamwambia, mwambie apunguze skrubu ya kabureta ya nyuma. Akamwambia apunguze skrubu ya nyuma. Atupele akauliza nyuma ya nini. Mama Ipyana akaniuliza nyuma ya nini. Tulikwenda hivyo kwa nusu saa, na maneno yaliyofika hayakuwa yale yaliyotumwa. Mwishowe Mama Ipyana akaweka kisu chini.

"Mimi si simu," akasema. "Gari si lipo katikati? Ambieni gari."

Halafu nyuma ya boneti nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia karibu yangu kwa miaka.

"Chura, ongeza moto kidogo."

Nikakanyaga mafuta. Tukafanya kazi. Yeye alimwambia Chura, mimi nilimjibu Chura, na Mama Ipyana akaendelea na ndizi zake. Mpaka saa tisa injini ilikuwa imetulia, unaweza kusimamisha kikombe juu yake. Nikadhani tumemaliza. Lakini Atupele hakufunga boneti.

"Chura," akasema taratibu, "gasketi yako ya hedi imegeuzwa. Pembe ya mbele imechomozea nyuma. Matundu ya maji yamezibwa, ndiyo maana mlimani unachemsha."

Nilishika usukani wa gari lililosimama. Niliiona ile Jumamosi, na haraka yangu. Nakiri kwenu kwamba mdomo ulifunguka kumtaja Ambokile. Marehemu asingekuja kukataa. Nikaufunga, nikaufungua tena.

"Chura, mwambie niliifunga mimi. Peke yangu. Baba yake alikuwa Lupepo."

"Chura, mwambie baba alijua."

"Alijua tangu lini?" Hapo nilisahau kumtaja Chura.

Yeye hakusahau. "Chura, mwambie tangu safari ya pili. Alinionyesha hiyo pembe nikiwa darasa la sita. Nikamwambia tuigeuze. Akasema tukiigeuza itabidi aliyeifunga aambiwe. Akanipa dumu, akaniambia nikachote maji."

Mama Ipyana akaacha ndizi zake. Nilishuka kwa upande wa pili, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa huko mpaka niliposikia Atupele ameondoka. Miaka kumi na moja mtu alibeba lita kumi za maji mlimani ili mimi nisione haya. Na mimi nilimwambia anaendesha kama anayekimbiza nguruwe.

Kesho yake alirudi, tukafungua hedi. Yaani alifungua yeye. Gasketi ni ya shaba. Aliipasha moto, akaisafisha, akailaza inavyotakiwa. Kabla ya kurudisha hedi nikasikia, "Chura, mwambie aje atazame kabla sijafunga." Akaenda kujificha nyuma ya choo. Nikazunguka boneti. Bolti zote zilikuwa zimepangwa kwenye gunia kwa mafungu, kila ukoo mahali pake, kama za Fundi Saidi, ambaye yeye hakuwahi kumwona. Nikatazama gasketi, pembe kwa pembe, tundu kwa tundu. Nikarudi kwenye kiti.

"Chura, mwambie afunge."

Siku ya kumaliza matanga mvua ilikuwa imejaa kotekote. Atupele alitangulia kwa bodaboda. Mimi niliteremka na Chura, na kwenye kiti cha abiria niliweka dumu la manjano, limejaa. Sikuweza kuondoka bila hilo. Nilifika Masukulu nimelowa mpaka kwenye soksi. Ibada ilipokwisha na chakula kuliwa, Mzee Asegelile alikuja akalitazama dumu.

"Tulisema bila maji."

"Ni la kunawa miguu," nikamjibu.

Hakuniamini. Akafungua mlango, akaingia mwenyewe, akalibana dumu katikati ya magoti, akafungua mwavuli. Akasema atakwenda mpaka Tukuyu, na mtu asiguse hicho kifuniko. Tukapanda. Mzee ana zaidi ya miaka themanini, mwavuli ulimgeukia juu kwenye kona ya kwanza, akaendelea kuushika hivyo hivyo kama bakuli. Macho yake hayakuondoka kwenye mshale wa joto. Tulipofika pale pa siku zote mguu wangu uliachia mafuta wenyewe.

"Mbona unapunguza?"

"Hapa ndipo tulipokuwa tunasimama," nikasema.

Alitazama ukingo wa barabara, nyasi na mtaro, hakuna kitu cha kutazama. "Twende," akasema.

Mshale haukuvuka nusu. Tuliingia uani kwetu, Mzee Asegelile akashuka akiwa anatiririka maji, akanikabidhi dumu, akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akauliza kama nyumba hii ina chai. Nyuma ya mgomba kulikuwa na bodaboda imesimama.

"Chura," mgomba ukauliza, "umechemsha?"

"Chura, mwambie hapana."

Nililichukua dumu, nikalimwaga kwenye shina la mgomba mwingine, mbali naye, huku mvua ikininyeshea. Mama Ipyana aliniona kutoka jikoni akafunga dirisha.

Sasa mnajua kuhusu macho. Atupele ni fundi kuliko mimi, na mahali nilipo mimi yeye hawezi kufanya kazi. Mmoja ilibidi aondoke, na mwenye deni la lita kumi ni mimi. Ijumaa nilizipanga spana zangu kwenye gunia kwa mafungu, kipande cha mpira wa kusikilizia nikakiweka juu, nikawaaga. Jumatatu mkamwona nani kaja.

Jumatatu hiyo hiyo nilipita barabara ya nyuma ya gereji, nikiwa na mkungu wa ndizi begani. Ng'ambo ya ukuta nilimsikia akimwita mmoja wenu aje atazame kabla hajafunga. Kikohozi kilinipanda kooni. Nilikibana mpaka nikavuka kona.